Vitambaa vya Mkono wa Kushoto

Mzee Bucha alikuwa anafumia chooni. Si kwamba nyumba ilikosa viti. Viti vilikuwepo vinane, na kila kimoja kimevalishwa kitambaa cha mgongo, cha mikono na cha makalio, utadhani kinakwenda harusini. Ila choo ndicho kilikuwa chumba pekee chenye komeo, na mtaa ule watu hawana habari ya kungoja waitikiwe. Unasikia hodi, ukigeuka mtu ameshakaa na anauliza chai iko wapi. Kwa hiyo kila asubuhi mzee wa watu, miaka sitini na minne, kifua cha kubeba nusu ng'ombe, alijifungia humo, akashusha mfuniko (nao umevalishwa), akakaa, akatoa uzi kwenye mfuko wa koti na kuanza kufuma vitambaa vya kuwekea vikombe.

Majirani waliamini ana tumbo baya. Mmoja alimletea dawa ya majani, chupa nzima. Mzee Bucha akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuimwaga huko huko.

Aliyesababisha yote haya ni mkewe. Mama yule alikuwa na ugonjwa wake, nao ni kwamba hawezi kuona kitu kiko uchi akakiacha. Friji lilivaa. Televisheni ilivaa, na rimoti yake ikavaa. Mtungi wa gesi ulikuwa na sketi ya marinda. Chupa tupu ziligeuka taa, jinzi kuukuu zikawa pochi, mifuko ya plastiki ikakatwa vipande vyembamba na kusukwa vikapu vya kutia vitunguu. Mzee Bucha alikuwa akiwaambia wenzake kwamba anaogopa kulala mdomo wazi, ataamka amefunikwa. Kwa kazi hiyo mtaa mzima ulimwita mkewe Mwalimu, ingawa chaki hajawahi kuishika. Kila Alhamisi saa tisa alasiri wanawake tisa walijaa sebuleni kwake na mifuko yao ya nyuzi, wakakaa mpaka jua linakaribia kuzama, wakifuma na kusengenya kwa kipimo kilekile.

Miaka miwili nyuma vidole vya Mwalimu vilianza kuvimba. Asubuhi haviwezi kukunjika, na ile sindano ya kufumia, yenye kichwa cha kulabu, ikawa inamponyoka kila baada ya vitanzi viwili. Daktari akamwambia viungo vimechakaa, apumzishe mikono. Alimwambia kikawaida tu, kama mtu anayekushauri upunguze soda. Mwalimu alijikaza mpaka walipofika nyumbani. Ndipo alipokaa ukingoni mwa kitanda akalia hadi kwikwi, na mumewe hakuwahi kumwona akilia hivyo hata siku walipomzika mama yake.

"Wakijua, nimekwisha," alisema. "Nitakuwa bibi wa kawaida. Nitakaa barazani nikihesabu wapita njia."

Shida ilikuwa sampuli. Kila Alhamisi Mwalimu lazima atoe kitu kipya, kizungushwe mkono kwa mkono, kila mmoja akivute, akigeuze, akinuse hata. Pasipo sampuli hakuna somo. Mdomo wake ulikuwa mzima, tena mzima sana, lakini mdomo haufumi.

"Basi nifundishe mimi," akasema Mzee Bucha.

Mwalimu aliangua kicheko na machozi bado yanamtiririka. "Wewe? Na hizo soseji?"

Ni kweli vilikuwa vidole vya soseji. Miaka thelathini na mmoja mtu huyu ameuza nyama, na kulabu pekee aliyoifahamu ni ile ya kutundikia paja. Tena ana shoto. Kisu, kijiko, kalamu, kila kitu mkono wa kushoto. Mkewe akamkalisha mbele yake uso kwa uso, magoti yakigusana, akamwonyesha kwa mkono mtupu wa kulia jinsi sindano inavyoingia, inavyoshika uzi, inavyotoka. Yeye akaiga kwa kushoto, kama mtu aliye mbele ya kioo. Kitambaa cha kwanza kilifanana na kitu alichotapika paka. Mwalimu akakishika kwa ncha mbili za vidole, akasema, "Fumua." Cha pili, fumua. Cha kumi na tano, fumua. Jasho lilimtoka mzee wa watu kuliko siku za kuchuna ngozi.

Miezi mitatu Mwalimu alipitisha Alhamisi zake kwa vitu vya akiba vya kabatini, na mwezi wa nne mumewe akafuma kitu kikalala sawa mezani. Mwaka ulipokatika alikuwa anafuma vikapu, vifuniko vya mito, mikoba ya kutokea. Na hapo, sitaki kumfichia, kichwa kikaanza kumvimba. Alhamisi alikuwa akijitia kuchemsha chai jikoni, kumbe ametega sikio mlangoni kusikia wanavyomsifu. Akaanza kujitungia mambo. Akatunga ua lake mwenyewe la petali sita, la kuwekea vikombe, na siku sampuli ile ilipozunguka sebuleni wanawake walinyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Hili tuliite Ua la Mwalimu," mmoja akasema.

"La Mwalimu?" Mzee Bucha akaliuliza sufuria. "Mwalimu amelijua lini?"

Lakini angemwambia nani? Pale kona kulikuwa na benchi la wastaafu, wanacheza drafti kuanzia asubuhi: kondakta, fundi bomba na mlinzi wa benki. Watu hawana huruma wale. Wakisikia Mzee Bucha anafuma, angekufa na jina jipya, na wangelitaja hata makaburini.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeendelea kuishi, kama si shule ya wasichana ya pale jirani kutafuta mtu wa kufundisha kazi za mikono kila Jumanne. Kikundi kikapeleka jina la Mwalimu. Siku alipopata habari alirudi nyumbani anatembea kama aliyepungua miaka kumi.

"Wasichana arobaini," alimwambia mumewe. "Darasa lenye ubao. Nitakuwa mwalimu wa kweli, mume wangu, si wa kupachikwa na majirani."

Sasa katika wale wanawake tisa alikuwamo mmoja waliyemwita Darubini. Ni mshonaji wa sare, macho yake yanaona mshono uliolegea ukiwa ng'ambo ya barabara, na mdomo wake haujui kukaa na siri hata dakika moja. Jumanne ile ya shule naye aliitaka, na hakuwa anaificha. Wenzake walikuwa wameliiga Ua la Mwalimu wiki ile ile lilipotoka, bila kuuliza maswali. Yeye alilichukua nyumbani, akaliiga, likamgomea. Alhamisi iliyofuata habari ya shule akaja na mkoba mkubwa, akapanga vitambaa mezani safu mbili, kama polisi anayepanga vitu vilivyoibiwa.

"Safu hii ni kazi zako za zamani," alisema. "Hii ni za miaka miwili hii. Tazameni mzunguko. Za zamani zinazunguka huku. Mpya zote zinazunguka huku." Kidole chake kikachora duara hewani upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mtu hafumi miaka thelathini akageuka tu. Hizi zimefumwa na mtu wa shoto."

Mzee Bucha alikuwa jikoni ameshika birika. Akalitua taratibu. Miaka yote miwili hawakuwahi kulifikiria hilo, si yeye wala mkewe: kwamba mkono wa kushoto hupeleka mzunguko kinyume, na kila kitambaa alichofuma kilikuwa kimebeba sahihi yake mchana kweupe.

"Kuna mtu anakufumia," Darubini akamalizia. "Unatuletea kazi ya mtu mwingine unasema yako."

Mwalimu angeweza kusema kweli pale pale. Akasema uongo, tena uongo wa kujikaanga. "Nimehamia mkono wa kushoto. Wa kulia umechoka. Kwani ni kosa?"

"Hata kidogo," Darubini alisema kwa utamu. "Alhamisi ijayo mkuu wa shule anakuja kukuona. Utatufumia hapa hapa, wote tujifunze."

Wiki hiyo ndani ya nyumba ilikuwa kama kuna mgonjwa mahututi. Mwalimu alijaribu mkono wa kushoto, sindano ikaanguka. Akajaribu wa kulia, ikaanguka, na maumivu yakampanda mpaka kwenye bega. Mzee Bucha akaleta mashauri. Afungwe bendeji aseme ameungua. Azimie kidogo. Yeye ajifiche nyuma ya kochi, apitishe mikono chini ya mtandio wa mkewe, afume kutokea huko.

"Mikono yenye manyoya," Mwalimu akasema. "Watadhani nimeyaota." Hakucheka. Siku ya Jumatano akasema, "Nitamwambia mkuu wa shule sitaki."

"Lakini unataka."

"Nataka mpaka tumbo linaniuma. Ndiyo maana nitamwambia mimi sitaki, kabla yeye hajaniambia hanitaki."

Mzee Bucha akaenda chooni, akajifungia, na kwa mara ya kwanza hakufuma. Alikaa tu juu ya kile kifuniko cha marinda akawaza. Alimpenda mkewe, na pia alilipenda lile ua, na akili ikamletea mpango uliowafaa wote wawili. Atatokeza mbele ya watu aseme ni yeye. Halafu atafuma, na mzunguko wa tatu ataruka kitanzi makusudi, kosa la wazi la kuonekana na kipofu, ili mkewe amkosoe na mkuu wa shule aone nani fundi. Benchi la drafti litamtafuna, basi, litafune. Akatoka humo amejaa huruma, na kujipongeza kidogo.

Alhamisi mkuu wa shule akaja, mwanamke mwembamba, wa maneno machache, aliyeshika kikombe chake kwa mikono miwili. Wanawake tisa walikuwa wameshajipanga saa nane na nusu. Hakuna aliyetaka kukosa. Darubini mwenyewe ndiye aliyeinuka, akaweka uzi na sindano mapajani mwa Mwalimu.

Mwalimu akauangalia uzi. Akafungua mdomo aseme sitaki.

"Hiyo sindano ni yangu," Mzee Bucha akasema kutoka mlangoni.

Akaweka sinia ya chai, akafuta mikono kwenye suruali. "Miaka miwili vitambaa vyote vya hapa nafuma mimi. Vidole vyake vinauma. Yeye amenifundisha, mimi nafuma, na shoto ni yangu. Yule mwizi mnayemtafuta ndiye huyu."

Chai ikamtoka mmoja puani. Baada ya hapo sebule ilicheka, we acha tu. Walicheka wakashikana, wakacheka wakainuka wakakaa tena. Mwenye kuuliza "na lile tumbo kumbe!" akauliza, na kicheko kikaanza upya. Mkewe hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Darubini pia hakucheka. "Kaa, shemeji. Fuma tukuone."

Mzee Bucha akakaa kwenye kochi la pili, akachukua sindano kwa kushoto, na zile soseji zikaanza kazi. Dakika tano tu, kicheko kikakauka. Wanawake wakasogea. Wakamzunguka, mmoja akapiga magoti aone vizuri, mwingine akasema jamani tazameni kasi. Vidole walivyozoea kuviona vikikata mafuta sasa vilikuwa vinapitisha uzi mwembamba bila kusita.

"Kwa hiyo lile ua ni lako, shemeji?" aliyepiga magoti akauliza.

"Ni langu," alisema. Muda wote alikuwa amelimeza neno hilo, na sasa lilikuwa tamu mdomoni kuliko alivyotarajia. "Nimelitunga mwenyewe."

"Wewe ndiye wa kutufundisha, basi."

Akainua macho atabasamu. Katikati ya mabega ya wanawake akamwona mkewe kule kwenye kiti chake, peke yake, mikono ameificha chini ya mtandio, na migongo yote tisa imemgeukia. Mkuu wa shule naye alikuwa ameshapinda shingo kumtazama muuza nyama. Mzee Bucha akarudisha macho kwenye uzi. Amekuja kumwokoa, kumbe amemnyang'anya kiti naye akiwa amekikalia. Akaongeza mwendo aufikie mzunguko wa tatu, akosee upesi, mambo yaishe.

"Fumua," Mwalimu akasema.

Hakupaza sauti. Ila mkono wa Mzee Bucha ulisimama wenyewe, kwa mazoea.

"Bado sijakosea," alisema, kabla hajajua anasema nini.

"Umekosea mzunguko wa kwanza. Umeanza na vitanzi kumi na kimoja. Vinatakiwa kumi na viwili."

Migongo ikageuka. Darubini akamwangalia Mwalimu, akaangalia kochi lilipo, akapima umbali. "Umeona kutoka huko?"

"Sijaona kitu, mmenikinga wote. Nimeona kiwiko chake tu. Kimepanda mara kumi na moja."

Darubini akakichukua kile kitambaa, akahesabu kwa ncha ya ukucha. Kumi na kimoja. Akavuta kingine chini ya kikombe cha mkuu wa shule, akahesabu. Kumi na kimoja. Akachukua cha tatu. Petali tano zilikuwa nono, na ya sita imebanwa ukingoni kama abiria wa mwisho kwenye benchi.

"Ndiyo maana vikombe vyote vya nyumba hii vinainama," Mwalimu akasema. "Nimelijua kosa hilo tangu siku ya kwanza alipokuja nalo anachekelea."

Mzee Bucha masikio yalimwaka moto. "Na hukuniambia?"

"Ungenuna. Ukinuna ungeacha, na ukiacha mimi nimekwisha. Nimeishi miaka miwili nakuogopa, mume wangu, wewe na uzi wako. Naona kosa nameza, naona kosa nasifia. Leo wameshajua wote, sina cha kuogopa." Akaitoa mikono chini ya mtandio, na vidole vyake vilivyovimba vikaonekana na kila mtu, akaviweka juu ya mikono ya kiti. "Fumua lote."

"Lote?"

"Lote. Na nyie mlioliiga bila kuhesabu, toeni kwenye mifuko."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito, maana nane kati yao walikuwa wameliiga, na mmoja alikuwa ameshatengeneza seti nzima ya meza. Akaguna. Akasema hii ameimaliza jana tu, na mbona inapendeza hivyo hivyo. Mwalimu akamtazama. Mwanamke akachukua mkasi, akatafuta ncha, akaanza kuvuta. Wa pembeni yake akaanza. Sebule ikajaa sauti ndogo ya uzi unaofumuka vitanzi, na Mwalimu alikuwa anawaeleza kutoka kitini kwa nini sita mara mbili ni kumi na mbili, kwa nini petali moja ikipunjwa zote zinavutwa, na mtu aanzie wapi kuhesabu asipotee. Alimwambia mmoja ashike sindano chini zaidi. Alimwambia mwingine aache kukaza uzi kana kwamba anamnyonga mtu. Mzee Bucha alivuta, na ua lake, kitu pekee alichowahi kukitunga maishani, likamshukia mapajani likiwa rundo la uzi wa mikunjo. Lilimuuma. Alivuta hivyo hivyo.

Mkuu wa shule akamaliza chai yake. Akasimama, akaweka kikombe mezani, juu ya mbao tupu.

"Jumanne, saa nane mchana," alimwambia Mwalimu. "Nitaweka kiti mbele. Utahitaji mtu wa kukushikia sindano?"

"Yupo huyu."

"Naye aje Jumanne?"

"Akimaliza kufumua," Mwalimu alisema.

Mkuu wa shule akaaga, akatoka. Aliyebaki bila kazi alikuwa Darubini peke yake. Alisimama kidogo katikati ya sebule, akazungusha macho kama anayetafuta mlango wa kutokea. Kisha akakaa, akafungua mkoba wake, akatoa ua lililofumwa kwa mkono wa kulia, safi, limegeuzwa vizuri upande wake. Alikuwa amelipata hatimaye, na ni wazi alikuja nalo ili aringe. Akalihesabu vitanzi kimoja kimoja, vikaishia kumi na kimoja. Akatafuta ncha ya uzi.

"Mwalimu," akauliza, "nifumue mpaka wapi?"

"Mpaka mwanzo."